Maji ya Kibakuli cha Hekalu

Kibakuli kilikuwa bafuni, pembeni mwa sinki, kimebeba kipande cha sabuni ya waridi kilichokwisha kukauka na kupasukapasuka. Mazishi yalikuwa yamepita, nami nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake, mtaa wa Hodge Hill, kufungasha vitu vya mama. Nilijiandaa kwa mengi: koti lake la uuguzi, Biblia yake, viatu vyake vya kazini vilivyolika kisigino upande mmoja. Vyote nilivitia kwenye maboksi bila chozi, nikajisifu moyoni kwamba kumbe mimi ni mgumu. Kisha nikaingia bafuni kunawa mikono, harufu ya waridi ikanipanda puani, na hapo ugumu wote ukaisha. Nilikaa kwenye ukingo wa bafu nikalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Wageni wengi wamenawa mikono mbele ya kibakuli kile bila kujua kimetoka wapi. Padri alinawa, akina mama wa kanisa walinawa, na wote waliona kisahani cha sabuni cha shaba, basi. Mama akiulizwa alisema, "Nilipewa," akageuza maneno. Lakini siku aliyopewa mimi nilikuwepo. Na ninyi wa rika langu, mliofika nchi hii mkiwa na mapengo ya meno ya utoto na sweta za kufumwa zinazowasha shingo, nadhani mtanielewa nikiwasimulia.

Mimi nilizaliwa Taita, juu milimani, na mama aliniacha huko nikiwa bado najishikiza ukuta kusimama. Alikuja Birmingham kusomea uuguzi. Nikabaki na nyanya, mama yake mzazi. Ukiniambia leo nikuchoree nyanya yangu, nitaanza na masikio. Alikuwa na masikio ya wanawake wa zamani wa kwetu, ndewe zilizotobolewa na kunyooshwa tangu usichana hadi zikawa ndefu na laini kama ngozi ya tini. Usiku nilipolala naye nilipitisha kidole changu kwenye tundu la ndewe yake, nikashikilia, na usingizi ukaja. Sikujua kwamba watoto wengine hulala bila sikio la mtu mkononi.

Nilimwita mama. Nani angenikataza? Yeye ndiye aliyenipa uji, aliyenibeba kwa leso yake ya zambarau hata nilipokuwa nimeshakua kiasi cha kuchekwa na majirani, aliyenifundisha kutokwenda kwa mtu mzima mikono mitupu. Na kwake ndiko nilikoona jambo ambalo kwetu huitwa kutasa. Mtu mwenye kinyongo na mtu wake huchukua funda la maji, akayapuliza nje kwa nguvu yakatawanyika kama rasharasha, na kutamka kinyongo chake kitoke, kipoe, mwenzake awe na amani. Nyanya alikuwa mkali, alikasirika asubuhi na jioni, kwa hiyo nilimwona akitasa mara nyingi. Alikuwa akiniambia hakuna hasira ya kuogopwa kama ya mzazi, maana yaweza kumkalia mwanawe njiani hata kama mzazi mwenyewe hajui kama anayo. Mzazi akitasa, njia inafunguka. Nililichukua hilo kama watoto wanavyochukua habari za moto na visu.

Halafu siku moja akaja mwanamke aliyevaa soksi ndefu kwenye jua lote lile. Alishuka kwenye basi akiwa na sanduku, akanitazama, akaanza kulia akiwa amesimama. Nilikimbilia nyuma ya nyanya, nikashika leso yake, nikasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, "Mama, huyu ni nani?"

Watu walicheka sana. Wawili hawakucheka.

Siku zilizofuata nilisikia sauti zikipanda na kushuka jikoni. Nyanya alisema mtoto si mbuzi wa kuja kufunguliwa kamba. Yule mwanamke alisema, "Ulimfundisha anisahau." Mwisho wa yote nilivalishwa viatu, nikashuka mlima hadi Voi nikipiga kelele njia nzima. Nyanya alibaki mlangoni, hakutufuata hata hadi barabarani. Na siku ile, niliangalia vizuri, hakuna aliyepuliza maji. Nilijua maana yake. Tuliondoka na hasira ya nyanya mgongoni, na njia ya kurudi ilikuwa imefungwa.

Basi tukaishi Birmingham, mtaa wa Lozells, chumba cha juu katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na wenzake. Hita ya mafuta ya taa ilinuka na kuumiza macho, na asubuhi kioo cha dirisha kiliota barafu kwa ndani. Kila ubaya niliuwekea sababu yake. Mama alikohoa majira yote ya baridi: hasira ya nyanya. Mkate ulikuwa mweupe na hauna ladha: hasira ya nyanya. Basi la kwenda hospitalini, kule upande wa Harborne, lilimpita mama kituoni kwenye mvua, na mimi dirishani nikatikisa kichwa kama mzee wa baraza. Nilichotaka maishani kilikuwa kimoja tu, kurudi kwa nyanya, na nilijua kabisa kilichotuzuia.

Yule mwanamke sikumwita chochote. Nikimtaka nilivuta nguo yake. Akiwa mbali nilikohoa. Aliponifunga vifungo vya koti alinitazama usoni akingoja, kisha akainuka bila kusema kitu. Leo ninapokumbuka yale macho najisikia vibaya, lakini wakati ule nilidhani anaangalia kama pua yangu ni safi.

Chumba cha pili aliishi Anti Mei, muuguzi mwenziwe kutoka nchi ya Malaya, huko Asia. Wakipishana zamu, mmoja alikuwa wodini na mwingine alikuwa nami. Anti Mei alinifundisha kula wali kwa vijiti na kunyamaza mtu akilala mchana. Krismasi alinipa kipande cha sabuni ya waridi kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa, nikakataa katakata kukitumia. Nilikuwa nakiweka akiba kwa nyanya, nimekifunga kwenye leso yake ya zambarau, ambayo niliibeba kutoka nyumbani na kulalia kila usiku.

Mwaka ule mama yake Anti Mei alifariki huko kwao. Habari zilimfikia ameshazikwa. Hakwenda, angekwendaje? Alivaa sare akaenda zamu, akarudi, akakaa kitandani na kofia kichwani hadi mama akaja kumvua. Baada ya siku kadhaa akasema amesikia kuna hekalu la Kibudha limejengwa ndani kabisa ya milima ya Wales, na watawa wake wametoka kwenye milima mirefu kupita yote duniani. Alitaka kwenda kumwashia mama yake taa. Hakuwa na njia ya kufika.

Mwenye njia alikuwa Mzee Ramji. Alikuwa na duka dogo mtaani kwetu, lililojaa unga, dengu na pilipili, lakini kabla ya hapo maisha yake yote alikuwa na duka Voi, chini ya mlima wetu. Siku mama alipomwambia ametoka Taita, aliacha kupima mchele, akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono miwili kama ndugu aliyepotea.

"Mama, mimi napeleka nyinyi," alisema aliposikia habari za Anti Mei. "Gari iko, petroli iko. Jumapili duka nafunga. Hapa Birmingham mimi nimesahau hata shingo inainuka namna gani. Twende tuone milima."

"Mimi nitawasindikiza, lakini ndani siingii," mama akasema. "Nitakaa garini. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Kaa tu, omba Mungu yako. Yangu hana wivu, mimi naingia kila mahali."

Mimi nilikuwa chini ya kaunta nikichezea dengu, na katika maneno yote yale nilichukua mawili: milima, na Ramji. Hesabu yangu ilikuwa safi. Tulipoondoka nyumbani tulianza kwa kushuka mlima hadi Voi. Kwa hiyo kurudi lazima kuishie kwa kupanda mlima. Na anayetupeleka ni mtu wa Voi. Ushahidi gani tena ulitakiwa? Nilishangaa tu kwamba mama hafungi sanduku, nikaamua kwamba ni siri, na kwamba mimi pia naweza kutunza siri.

Tulisafiri kwenye gari la duka, lile la kubebea mizigo. Mama na Anti Mei walikaa mbele na Mzee Ramji. Mimi nilikaa nyuma juu ya gunia la vitunguu, furushi langu kifuani. Mabomba ya moshi yakaisha, nyumba zikapungua, mashamba yakaja, na mimi nikivumilia tu. Halafu zikaanza kona. Barabara ikawa nyembamba, gari likanguruma gia ndogo, masikio yangu yakaziba kama yalivyokuwa yakiziba njia ya kwenda Wundanyi, kule kwetu. Nikachungulia dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti, maji yanatiririka ubavuni mwa barabara, majani mabichi yamepanda hadi mawinguni. Harufu ya udongo uliolowa ikaingia gari zima.

Jamani, nilikuwa nyumbani! Niliuma leso nisipige kelele.

Mzee Ramji alisimamisha gari palipoishia lami. Kulikuwa na njia ya mawe ikipanda kwenye ukungu, na vitambaa vya rangi vimetundikwa kwenye kamba kando yake, vyekundu, vya kijani, vya manjano, vikipigapiga kwenye upepo. Anti Mei akashuka na maua yake. Mzee Ramji akamfuata akisugua mikono. Mama akafunga koti lake hadi kooni, akafungua Biblia, akaniambia nikae karibu naye nipate joto. Nilimngoja asome. Alipoinamisha kichwa, nilifungua mlango wa nyuma taratibu, nikatoka mbio kupanda mlima.

Nilikimbia nikimwita nyanya. Mama, nilimwita, mama, nimekuja! Kondoo wakanitazama. Kila jiwe nililipa jina: hili ni la kwa jirani, pale panapopinda pana mgomba, ukipita mgomba utaona moshi wa jiko. Na moshi ulikuwepo kweli. Niliunusa kabla sijauona, mtamu kidogo, mkali kidogo, kama kuni za nyanya zilizonyeshewa. Lakini ukungu ulipofunguka, penye nyumba ya nyanya palikuwa na lango.

Nimeona mahekalu mengine baadaye, na sijaona lango kama lile, au labda sijaona tena kwa macho yale. Nguzo zake zilikuwa nyekundu, na majoka yenye ndevu yamezizunguka kutoka chini hadi juu, magamba yamepakwa dhahabu moja moja. Juu yake kulikuwa na paa lililokunja ncha zake, limechongwa maua, mawingu, na wanyama wawili waliopiga magoti wakitazamana. Katika mlima wote wa kijivu na kijani, kitu kile kiliwaka. Nilisimama mdomo wazi. Nikafikiri kwamba nyumbani wamejenga tangu nilipoondoka.

Mlangoni kulikuwa na viatu vingi, hivyo nilivua vyangu, maana mlango wa mtu hauingiwi na matope. Ndani kulikuwa na joto na giza la kahawia. Taa ndogo za samli ziliwaka safu kwa safu. Dari lilichorwa mawingu, kuta zimevikwa hariri, na kila mahali rangi imekaa juu ya rangi kama nguo za bi harusi. Na mbele kabisa, juu, ameketi mtu mkubwa wa dhahabu. Alikuwa amekunja miguu mkekani kama mtu anayepukuchua mahindi, macho yameinama, anatabasamu kidogo. Nilimwogopa kwa muda mfupi sana. Halafu nikayaona masikio.

Ndewe zake zilikuwa ndefu. Zilikuwa zimenyooka hadi karibu na mabega, zina tundu, kama za nyanya kabisa. Nikamsogelea. Huyu ni mtu wa kwetu. Huyu ni mzee wetu mkubwa, mkubwa kuliko nyanya, na wamemweka hapa mlangoni pa nyumbani awapokee wanaorudi.

Mikono mitupu sikuwa nayo, namshukuru Mungu. Mbele yake walikuwa wameweka matunda, biskuti na maua. Nilifungua leso, nikaweka sabuni yangu katikati ya machungwa mawili, nikaisogeza sogeza hadi ikakaa sawa. Ndipo nikaona vibakuli. Vilikuwa vya shaba, vimepangwa mstari mmoja mbele ya yule mzee, na vyote vimejaa maji safi hadi ukingoni.

Mtu mwingine angejiuliza maji yale ni ya nini. Mimi sikuhitaji kujiuliza. Kulikuwa na mzee, kulikuwa na maji, na hasira ya nyanya ilikuwa bado imetukalia mgongoni. Walijua tunakuja, wakatuandalia. Nilichukua kibakuli cha mwisho kwa mikono miwili, nikavuta funda kubwa, baridi yake ikauma meno. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote.

Maji yaliruka hadi kwenye magoti ya dhahabu. Taa mbili zikazimika. "Hasira ya nyanya itoke!" nilisema kwa sauti. "Ipoe. Njia ifunguke, turudi." Nikavuta funda la pili.

Mkono ukanishika bega. Alikuwa yeye, yule nisiyemwita chochote, amepanda mlima mbio kunitafuta, kofia ya kanisa imeenda upande, anahema, na miguuni ana soksi tu. Hata katika hofu ile alikumbuka kuvua viatu. Nyuma yake nilimwona Anti Mei ameziba mdomo, na mtawa kijana, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka la rangi ya damu ya mzee. Nilidhani nitapigwa. Nikameza maji.

"Unafanya nini?" mama akauliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Natasa."

"Unamtasia nani?"

"Nyanya. Ana hasira. Hakututasia siku tulipoondoka, ndiyo maana hatuwezi kurudi."

Mama alipiga magoti palepale kwenye zulia lao, uso wake ukawa sawa na wangu. "Nyanya alitasa," akasema. "Alitasa alfajiri, wewe umelala. Alinipulizia maji hadi gauni langu la safari likalowa kifuani. Akaniambia nenda na mwanao, sina neno na wewe. Nyanya hana hasira, mwanangu."

"Kwa hiyo nani anayo?"

Nilikuwa nauliza tu. Sikujua nimeuliza nini. Nyuma yetu Anti Mei, ambaye hakuelewa neno lolote la Kiswahili, alikuwa ameanza kuwasha upya zile taa nilizozizima.

"Mimi," mama akasema. "Alinipa maji na mimi nitase, nikakataa. Nilimwambia hayo ni mambo ya gizani, mimi ni mtu wa kanisa. Uongo. Nilikuwa nimekasirika."

"Alikukosea nini?"

"Ulimwita mama."

Mama akamtazama Anti Mei akiinama juu ya zile taa, mtu ambaye hakuwa tena na mama wa kumkasirikia wala wa kumsamehe. Kisha akaninyang'anya kibakuli taratibu. Nilifikiri anakirudisha mahali pake. Akakinyanyua akavuta funda. Alipuliza vizuri kuliko mimi, kama nyanya mwenyewe, maji yakafunguka hewani membamba, mwanga wa taa ukayapitia, na hakuna hata taa moja iliyozimika. Halafu akasema kwa lugha ya kwetu, polepole, nami nayakumbuka hadi leo: "Kama nina hasira na mama yangu kwa kuwa alimpenda mwanangu hadi mwanangu akanisahau, hasira hiyo itoke. Ipoe. Mama akae kwa amani huko aliko, na mimi nikae kwa amani hapa nilipo."

Alipomaliza alijikumbuka, maskini. Alimgeukia yule mtawa akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza, mara hivi mara vile, akijaribu kufuta zulia kwa kitambaa cha mkono. Mtawa akatikisa kichwa. Alimuuliza maana ya tuliyoyafanya, mama akamweleza kwa maneno machache. Yule kijana akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi kweli, akasema kwao kuna watu ambao wangelipa kwa miaka ya sala kupata kile alichokiona kwetu pale. Akachukua kibakuli, akakifuta kwa shuka lake, akampa. Kilichonywewa na mtu, alisema, hakirudi mezani, basi na kiende na aliyekinywea.

Mzee Ramji alikuwa mlangoni muda wote, soksi zimetoboka kidole gumba. "Mama," alisema tulipotoka, "leo hata huyu Mungu ya dhahabu ameoga." Na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka tangu Voi, alicheka hadi akashika nguzo ya majoka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeuona uwanja ulivyo: hakuna mgomba, hakuna jiko, hakuna kuku. Nikazunguka nyuma ya hekalu kuhakikisha. Nyuma kulikuwa na ukuta wa mawe na kondoo waliolowa. Mama alinikuta nimesimama pale.

"Nyanya yuko wapi?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Hapa si kwetu, mwanangu. Hapa ni Wales." Aliniambia bila kuzungusha, nami nililia pale ukutani kilio ambacho nadhani nilikuwa nimekibana tangu uwanja wa ndege. Hakuninyamazisha. Aliponiona nimechoka, alichukua leso ya zambarau mkononi mwangu, akainama, akanipandisha mgongoni. Nilikuwa mkubwa sana kwa mbeleko, miguu yangu ilining'inia hadi magotini pake. Alikaza fundo kifuani juu ya koti la Jumapili, akaanza kushuka mlima.

Mgongo wake sikuwa naujua. Ulikuwa mwembamba kuliko wa nyanya, na ulinukia dawa ya hospitali. Shavu langu lilikuwa kwenye shingo yake, na mbele ya macho yangu palikuwa na sikio lake, dogo, halina ndewe ya kushika. Nilipitisha kidole nyuma ya sikio hilo, kwenye kikorongo kile chenye joto, kikakaa.

"Mama," nikasema, "sabuni nimeiacha kule."

Alisimama. Alisimama pale njiani hadi Mzee Ramji akatupita na kugeuka kutuuliza kama kuna kitu. Nilihisi mgongo wake ukitetemeka chini yangu, nikadhani ni baridi.

"Haidhuru," akasema mwishowe. "Nitakununulia nyingine, mama."

Na alinunua. Tangu siku ile hadi alipokufa, nyumba yetu haikukosa sabuni ya waridi, na haikukaa kwenye kitu kingine ila kibakuli kile.

Ningependa kuwaambia kwamba njia ilifunguka. Haikufunguka. Nyanya alifariki kabla hatujarudi, na mama alipopata habari alikaa kitandani na kofia kichwani, na Anti Mei akaja kumvua. Usiku mama alinichukua kitandani kwake, akaniambia, "Tulikuwa tumemalizana, mimi na yeye. Umesikia? Tulikuwa tumeshamalizana." Aliisema sentensi ile miaka mingi, jikoni, kwenye basi, mara nyingine peke yake. Mimi nilipopanda ule mlima hatimaye nilikuwa mtu mzima, na watu walinionyesha palipokuwa na nyumba. Ukungu ulikuwa uleule. Niliunusa nikakumbuka Wales, na nikakasirika kwamba siku zote mbili nimefika mahali pasipo penyewe.

Pale bafuni Hodge Hill mwishowe niliacha kulia. Nilibandua sabuni, nikasugua kibakuli kwa kidole hadi shaba ikaonekana, nikajaza maji ya bomba. Nyumba ilikuwa kimya, maboksi yamejaa. Nilikuwa na mengi ya kumdai mama, au nilidhani ninayo: kwa kunileta, kwa kuchelewa kunirudisha, kwa kufa nikiwa njiani kutoka kazini. Nikavuta funda, baridi ikauma meno, na mbali sana katika maji yale kulikuwa na ladha ya waridi.

Nikaingoja hasira ije niipulize. Nikaingoja hadi mashavu yakachoka. Haikuja. Kinywani mwangu mlikuwa na hamu tu ya kumwona, na hiyo sikutaka kuitema.

Nikayameza maji.